Kitambaa cha Mama, Volti Zangu

Nyumbani kwetu Iringa hakuna kitu kilichokuwa kinakaa uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa chake, redio ilikuwa na chake, friji ilivaa kirefu chenye pindo la maua ya njano. Chupa ya chai ilivaa. Ndoo ya maji ya kunywa ilivaa. Sisi watoto tulikuwa tukimtania mama kwamba mtu akikaa kimya muda mrefu sebuleni atafunikwa na yeye. Mama alikuwa akicheka, lakini mkono wenye sindano haukusimama. Alijifunza kufuma kwenye umoja wa wanawake pale kanisani kwetu, Lutheri, Alhamisi mchana, na kwake kitu kisichofunikwa kilikuwa kitu ambacho mwenye nacho hakithamini.

Sasa ukiingia sebuleni pale kila kitu kiko wazi. Televisheni iko nyeusi na vumbi lake. Friji inaonyesha kutu yake ya pembeni. Mgeni hawezi kuona kasoro, maana nyumba nyingi ziko hivyo siku hizi. Mimi siwezi kukaa mle zaidi ya siku mbili. Vitambaa vile vilitoka kwa sababu yangu, kwa sentensi moja niliyoitamka, na nimeshindwa kuirudisha.

Nianze na dada, kwa kuwa yote haya yalifanyika kwa ajili yake. Ananizidi miaka saba. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shamba, ndiye aliyenifundisha kusoma, na ndiye aliyenichapa kuliko mzazi yeyote, kwa hiyo tunaelewana. Alipofika miaka ishirini na mitatu aliugua uti wa mgongo. Alitibiwa muda mrefu, akarudi nyumbani akiwa hai, miguu haifanyi kazi. Nyumba yetu iko juu mteremkoni. Kutoka mlangoni mpaka barabarani kuna ngazi za mawe arobaini na moja, alizojenga marehemu baba kwa mikono yake huku akijisifu kwamba hakuna mvua itakayozichukua. Ni kweli hazijachukuliwa. Kiti cha magurudumu hakishuki ngazi arobaini na moja, na dada hapendi kubebwa na wanaume wanne wanaomwuliza kila hatua kama anajisikia vizuri. Kwa hiyo anakaa ndani. Dirisha la chumba chake linaonyesha mji mzima, na mji huo hajautembelea miaka mingi.

Alichobaki nacho ni mkono wa kuchora. Alianza na penseli, akahamia kwenye simu, halafu akajifundisha mwenyewe kutengeneza katuni zinazotembea, kwenye laptopu yangu ya zamani iliyokuwa ikizima ukiigusa vibaya. Siku aliponionyesha kuku aliyemtengeneza akipita uani nilicheka, kisha nikataka kumwona tena. Alikuwa kuku wa jirani yetu kabisa, na maringo yake yote. Nikaapa nitamtengenezea dada mashine ya kweli.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta Mbeya. Nilipanga chumba Uyole, na meza yangu ya kazi ilikuwa kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi mjini, ambaye familia yake ilikuwa imeuza vifaa vya umeme pale tangu kabla sijazaliwa. Nilimwita Mzee, naye aliniita fundi, kwa sauti iliyonifanya nisiwe na uhakika kama ananisifu. Alivaa sweta mwaka mzima na alikuwa mtu wa masharti.

Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, inatoka kiwandani na mwendo wake. Ukitaka unaweza kuilazimisha ikimbie zaidi. Mafundi tunaita kuiova-kloki. Mwendo zaidi unataka volti zaidi, volti zaidi zinaleta joto, na joto unalitoa kwa feni. Hayo mtu yeyote atakusomea mtandaoni. Mzee alikuwa na mambo yake mawili ambayo hakuyasoma popote, aliyapata kwa kuunguza vitu vyake mwenyewe.

La kwanza alilisema kila mara alipokuta mkono wangu kwenye mipangilio ya volti. "Joto lina mlinzi, fundi. Prosesa ikiona joto inapunguza mwendo yenyewe. Likizidi inajizima. Volti haina mlinzi. Unaipa, inapokea, haikwambii kitu, mpaka siku inakufa." Kwa prosesa za aina tuliyokuwa tukiipata sisi, zilizotumika nje zikaletwa kwa makontena, aliishia moja nukta tatu. Ikilazimu sana, moja nukta tatu tano. "Zaidi ya hapo si ufundi tena," alikuwa akisema, "ni kiburi."

La pili lilikuwa namna ya kupima. Alipima saa nane mchana, mwezi wa kumi na moja kabla mvua haijashika, dirisha limefungwa na mlango umefungwa. Kisha aliandika volti, nyuzi za joto na mwezi kwenye selotepu ya karatasi, akaibandika ndani ya kifuniko. Ukifungua kompyuta yoyote iliyopita mikononi mwake utaikuta ile selotepu. "Baridi ya huku isikudanganye," aliniambia. "Hewa ya milimani ni nyepesi. Feni inapuliza, lakini inabeba kidogo."

Nilimwona mwoga. Vijana wa kazi hii Mbeya tulikuwa na maringo yetu, kwamba wenzetu wa Dar wanahangaika na joto, sisi Mungu katupa kiyoyozi cha bure. Julai, asubuhi, nikaiweka mashine ya dada juu ya meza chumbani kwangu Uyole, dirisha wazi, barafu nyembamba bado iko kwenye majani ya viazi vya jirani. Nilikuwa nimevaa jaketi na kofia ya sufu. Nikaipandisha mwendo kwa robo nzima, nikaipa moja nukta tatu, nikaipa kazi ngumu kwa masaa matatu. Nyuzi sitini na nane. Nilipiga kofi peke yangu. Nikaandika kwenye selotepu: 1.30, nyuzi 68. Mwezi sikuandika, kwa sababu Mzee angeona.

Agosti nikaipeleka Iringa. Nilipandisha ngazi zote arobaini na moja nimeibeba kifuani, sikukubali mtu anisaidie. Dada alipoiona hakusema asante, alisema, "Kumbe kubwa hivi? Itanipita hata mimi," na nikajua amefurahi. Mama alikuwa ameshafuma kitambaa. Alikuwa amemtuma dada aniulize vipimo kwa simu bila kunieleza sababu. Kilikuwa cheupe, pindo la bluu, kazi nzuri kuliko hata ile ya friji. Akakitandaza juu ya boksi, akarudi nyuma kukitazama, akakisogeza kidogo kushoto.

"Nikiifunika hivi, baba, si vibaya?" akaniuliza. Mama huniita baba, kama akina mama wengi wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.

Juu ya boksi lile ndipo palipokuwa na matundu ya kutolea joto. Niliyaona yakifunikwa na nilijua maana yake. Lakini alikuwa amefuma wiki nzima, na mimi nilikuwa na zile nyuzi sitini na nane kichwani, tena nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

"Funika tu, mama," nikasema.

Miezi miwili mashine ilienda vizuri. Kuchora peke yake hakuichoshi kompyuta. Dada alikuwa akinitumia vipande kwenye simu, na kila kipande kilikuwa bora kuliko cha jana yake. Alikuwa akimtengeneza bibi yetu wa Kilolo, mama yake mama, aliyekuwa akigema ulanzi, pombe ya mianzi: kikongwe anatoka asubuhi na kisu, anapita kwenye ukungu mpaka kwenye mianzi, anachonga ncha ya mwanzi, anatundika mbeta, ule mkebe wa mwanzi wa kukingia, na kusubiri tone. Bibi huyo nilimkumbuka kidogo sana. Nilipomwona kwenye simu akishika kiuno kabla ya kupanda kamteremko nikamkumbuka mzima.

Oktoba mwishoni dada akanipigia, sauti yake ndogo. Kulikuwa na ofisi moja nje ya nchi iliyokuwa ikitafuta wachoraji wa katuni wa kufanya kazi kutoka majumbani kwao. Walitaka filamu isiyozidi dakika mbili. Watakaopendeza wataajiriwa. Hakuna usaili wa kwenda mahali, hakuna ngazi za kushuka. Alikuwa ameshawatumia picha chache na walikuwa wamemjibu wakimhimiza atume filamu nzima. Alisoma jibu lao kwenye simu mara mbili, na mara ya pili aliishia katikati.

"Nina siku kumi na saba," akasema.

Filamu ya kompyuta ikishachorwa inabidi mashine izipike picha moja moja, ihesabu mwanga na kivuli cha kila moja. Ni kazi inayokula prosesa yote, mchana na usiku. Dakika mbili zilikuwa picha elfu mbili mia nane na themanini. Ule ukungu na lile tone la ulanzi vilikuwa vizito. Kwa mwendo wa kiwandani kila picha ingetaka dakika kumi, yaani siku ishirini. Kwa mwendo wangu mimi ilikuwa dakika nane. Siku kumi na sita.

"Au nipunguze sekunde thelathini?" dada akauliza. "Kule anakotembea kwenye ukungu naona ni kurefu kidogo."

"Usipunguze kitu," nikamwambia. "Mashine itaweza."

Nayasema haya polepole kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mlango, na mimi ndiye niliyeufunga. Nilitaka iwe mashine yangu iliyomwokoa.

Novemba Iringa watu wa nje hudhani ni baridi tu. Chumba cha dada hakina dari, ni bati moja kwa moja, na mvua ilikuwa bado. Mchana mle ndani unavua kila unachoweza kuvua. Dirisha alikuwa akilifunga kwa sababu ya vumbi jekundu la mteremkoni, na mama, kwa sababu ya vumbi hilo hilo, alihakikisha kitambaa kimekaa vizuri.

Siku ya nne mashine ikaonyesha skrini ya bluu, ikajiwasha upya. Dada akanipigia simu dukani. Fundi mwenye akili angemwambia apunguze mwendo. Lakini kupunguza mwendo kulikuwa kuchelewa, na kuchelewa kulikuwa kukiri. Nikamwelekeza aingie kwenye mipangilio, apandishe volti mpaka moja nukta tatu nane.

"Joto linasoma tisini na moja," akasema.

"Kawaida hiyo."

Haikuwa kawaida. Mzee alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu akihesabu waya, nikageuka ukutani ili asisikie.

Siku ya tisa ikaanguka tena. Nikamwambia moja nukta nne tano. Dada akairudia namba ile. "Si ulisema mzee wako anaishia moja nukta tatu?"

"Mzee ni mwoga, dada. Weka tu."

Akaweka. Dada yangu, aliyenifundisha mimi kusoma namba, aliweka kwa sababu mimi ndiye fundi.

Siku ya kumi na tatu, saa saba mchana, akapiga. "Imezima. Haiwaki." Hakuwa akilia. Nilikuta basi la mwisho linaloweza kunifikisha siku hiyo hiyo, nikapanda na begi la vifaa. Nilipofika ilikuwa usiku na wote wawili walikuwa chumbani wakiitazama mashine kama watu wanaokaa na mgonjwa. Hawakuwa wamegusa chochote. Kitambaa kilikuwa juu yake, kimenyooka.

Nikakiinua. Upande wa chini vumbi lilikuwa limeyachora matundu yote ya boksi, mstari kwa mstari, wekundu juu ya weupe. Mtu yeyote angeliona lile. Dada alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa anasubiri niseme kilichotokea, na mimi nilikuwa najua kilichotokea tangu nilipokuwa kwenye basi.

"Nani kaweka hiki kitambaa?" nikauliza.

Kama ningekuwa na njia ya kurudi mahali pamoja tu maishani, ningerudi pale, nijipige kofi la mdomo kabla sijafika kwenye neno nani.

"Ni mimi, baba," mama akasema. Hakusema, si ulisema nifunike. Alichukua kitambaa mkononi mwangu, akatazama yale matundu yaliyochorwa, akakikunja na kukikunja mpaka kikawa kidogo cha kuingia kiganjani. "Kumbe nimeizibia pumzi." Akatoka, na tukamsikia akienda jikoni, na jikoni hatukusikia kitu.

Dada alisubiri mpaka alipohakikisha hayupo. "Mwambie si kitambaa."

"Nitamwambia."

"Mwambie sasa."

Nikajifanya nafungua skrubu. Kifuniko kilipotoka nikaiona selotepu yangu ya Julai. Chini ya mwandiko wangu kulikuwa na mwandiko mzuri wa dada, maana alikuwa akifungua kupuliza vumbi kama nilivyomwelekeza, na yeye ni mtu wa utaratibu. Alikuwa ameandika: 1.38, amesema mdogo wangu. Na chini yake: 1.45, amesema mdogo wangu.

Siku nne zilizobaki hazikutosha kwa mashine nyingine yoyote tuliyoweza kuipata. Nikaitoa diski, nikaifunga kwenye laptopu mbovu, tukaunganisha picha zilizokuwa zimeshapikwa, elfu mbili na kidogo. Bibi anatoka na kisu, anapita kwenye ukungu, anashika kiuno, anapanda, anafika kwenye mianzi, anainua mkono. Basi. Mkono unabaki juu. Dada akaandika maelezo mafupi kwamba mwisho haupo kwa matatizo ya kiufundi, akatuma. Baada ya wiki tatu wakajibu mistari miwili. Walimshukuru, walisema kazi ni nzuri, nafasi zimejaa. "Wameandika kwa adabu," dada akasema, na hakuniambia tena habari zao.

Mashine nilirudi nayo Mbeya. Mzee aliifungua mwenyewe. Akasoma selotepu, namba zote tatu, kwa muda mrefu kuliko namba tatu zinavyohitaji.

"Ulipima mwezi gani?"

Nikamwambia.

Akatoa prosesa, akaiweka kwenye mazabodi nyingine, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta. Haikuwaka. Akachukua prosesa nzima ya dukani, akaiweka kwenye mazabodi yetu. Ikawaka mara moja. Halafu akaingia kwenye mipangilio niliyoihifadhi na kunionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiangalia hata siku moja: sehemu inayoiambia mazabodi iongeze volti kazi ikiwa nzito. Niliiacha juu kabisa. Dada alikuwa anaandika moja nukta nne tano, na mashine ilikuwa inapeleka zaidi ya moja nukta tano, mchana kutwa, siku baada ya siku.

"Na kitambaa?" nikamwuliza. Nadhani nilikuwa bado natafuta mahali pa kujificha.

"Joto limesaidia, sikatai," akasema. "Lakini kitambaa kingeichelewesha tu. Ingepunguza mwendo, ingejizima, ungekitoa, ingewaka tena. Iliyoua ni hii." Akagusa namba ya mwisho kwa ukucha. Kisha akaniagizia chai. Angenitukana ningeshukuru.

Hesabu niliifanya siku hiyo hiyo, nyuma ya karatasi ya risiti. Sekunde tisini badala ya mia na ishirini. Picha elfu mbili mia moja na sitini. Kwa dakika kumi kila moja, mwendo wa kiwandani, volti za kiwandani, hakuna kuova-kloki, hakuna kiyoyozi cha bure. Siku kumi na tano. Dada angemaliza akiwa na siku mbili mkononi, na filamu yenye mwisho. Wala kitambaa kisingehitaji kuondolewa.

Hesabu hiyo sijawahi kumwonyesha. Sidhani kama anaihitaji. Ni yeye aliyenifundisha kuzidisha.

Wiki iliyofuata dada alinipigia. "Mama anatoa vitambaa. Leo ametoa cha friji. Anasema friji nayo inapumua." Siku mbili baadaye ilikuwa redio. Kisha chupa ya chai, ambayo haina umeme wowote. "Mwambie," dada akasema, "au nitamwambia mimi." Nikamwomba aniachie, nitamwambia mwenyewe nikija Krismasi, ni jambo la kusemwa uso kwa uso. Dada ni mtu wa kutimiza ahadi, akaniachia. Nilikuja Krismasi. Tulikula wali, tukaimba, mama akaniuliza kama kazi inaendelea, nikasema inaendelea. Alhamisi alikuwa haendi tena kwenye umoja wa wanawake. Alisema macho yamechoka.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Mimi sijui watu wengine wanafanyaje, lakini kwangu ukimya haukuwa uamuzi. Kila nilipopanda zile ngazi nilikuwa na maneno kamili mdomoni, na kila nilipofika ngazi ya juu mama alikuwa mlangoni ananipokea begi.

Mwaka jana, Septemba, nilimwambia. Nilibandua ile selotepu kwenye kifuniko, nikaiweka kwenye pochi, na nilipofika Iringa sikungoja kupumzika. Mama alikuwa uani anachambua maharage, dada dirishani kwake. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikamweleza yote: Julai, volti, simu, mkono wa Mzee kwenye namba ya mwisho. Nikamwonyesha selotepu. Nikasema kwa kinywa changu kwamba siku ile niliuliza nani kaweka kitambaa huku nikijua si kitambaa, kwamba nilimsingizia.

Mama aliichukua selotepu, akaitazama pande zote mbili. Hakuwa na miwani. Akanirudishia taratibu, akanifuta shavu kwa mkono wenye vumbi la maharage, maana mimi nilikuwa nalia.

"Una moyo mzuri, baba," akasema. "Tangu mdogo wewe hupendi mtu aumie. Hata siku ile nilipokuuliza, uliniambia nifunike kwa sababu hukutaka kunivunja moyo. Mama mwenye akili angelielewa pale pale. Angeona uso wako."

"Mama, nakwambia kweli. Ni mimi."

"Haya. Ni wewe." Na akatabasamu lile tabasamu la kumridhisha mtoto. "Yale matundu niliyaona kwa macho yangu, mwanangu. Yamechorwa kwenye uzi wangu."

Nikamwangalia dada dirishani, nikidhani atasema kitu. Angeweza kusema, ni kweli, mama, nilimpigia, akaniambia niongeze. Alijaribu. Alisema, "Mama, anasema ukweli." Mama akamjibu bila kugeuka, "Na wewe pia, mama. Nyote mna huruma."

Dada akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Umechelewa," akasema, kama anayenijulisha basi limeshaondoka, akarudi kwenye simu yake. Siku hizi anatengeneza kadi za michango ya harusi, anawarushia watu kwenye makundi. Picha inayotembea hajafanya tena hata moja. Mkono wa bibi uko juu mpaka leo.

Mchana ule mama akaniwekea chakula sebuleni, ugali na mboga ya maboga na maharage ya juzi. Alikuwa anakwenda kumpelekea dada chakula chake kwanza, na nzi walikuwapo. Akasimama na sahani ya pili mkononi, ile ya kufunikia, akasita juu ya ugali wangu unaotoa mvuke.

"Nikifunika hivi, baba," akaniuliza, "si vibaya?"

"Funika tu, mama," nikasema.

Akafikiri kidogo, akaiweka ile sahani pembeni.